Nisamehe, Mwalimu

Kituo cha Zakhiem, Mbagala, jua halijachomoza vizuri. Daladala ya kwanza ilipunguza mwendo, konda akachungulia, akaona sweta za shule, akagonga bodi na gari likaondoka. Ya pili ilisimama mbele kidogo. Watu wazima wakaukimbilia mlango, konda akanyoosha mkono: "Denti wawili tu!" Wakapenya wavulana wenye mabavu. Ya tatu haikusimama kabisa.

Pembeni yangu alisimama binti wa sekondari, amevaa sare ya shule anayosoma mwanangu. Mkononi ameshika sarafu yake ya shilingi 200. Aliniamkia, nikaitikia, tukaendelea kuitazama barabara. Ya nne ilipokuja nilimshika mkono na kumwambia konda, "Huyu yuko na mimi." Tukapanda.

Nilikuwa naelekea hukohuko shuleni, kufuatilia ripoti ya kijana wangu. Tulipofika, geti lilishafungwa. Mimi nilifunguliwa. Yeye alielekezwa kushoto, kwenye kokoto, walikopiga magoti wachelewaji wenzake. Mwalimu wa zamu alikuwa anapita na daftari, fimbo ameibana kwapani. Akamfikia.

"Na wewe, kwa nini umechelewa?"

"Nisamehe, mwalimu."

"Nimekuuliza kwa nini."

"Nisamehe, mwalimu. Sitarudia."

Mwalimu akaandika jina.

Nilisogea nikamweleza yaliyotokea kituoni. Alinisikiliza kwa adabu, akamwambia binti anyanyuke aende darasani. Yaliisha hapo, bila ugomvi wowote.

Lakini sijatulia tangu siku hiyo. Binti yule alikuwa na sababu ya kweli, na shahidi wa sababu hiyo amesimama hatua chache kutoka kwake. Aliulizwa swali moja mara mbili, na mara zote mbili akachagua kuomba msamaha kwa kosa ambalo si lake.

Ukijieleza, unaongezewa

Jioni nilimuuliza mwanangu. Hakuona ajabu yoyote.

"Mama, pale ukijieleza ndiyo unaongezewa. Ukisema daladala, unaulizwa wenzako wamepanda nini. Ukiendelea unaambiwa, unanijibu?"

Na baada ya "unanijibu?" hakuna njia.

Kila aliyelelewa huku anaijua sauti hiyo, na wala haianzii shuleni. Nyumbani mtoto anaulizwa kikombe kimevunjikaje. Akifungua mdomo kueleza, anaambiwa ana mdomo mrefu. Akinyamaza, anaambiwa ana kiburi. Katikati ya hayo mawili anatafuta pa kusimama, na panapopatikana upesi ni kwenye msamaha: nisamehe mama, nisamehe baba, nisamehe mwalimu. Msamaha unakata maneno. Mkubwa anaridhika, na kilichotokea kinabaki hakijulikani.

Sitetei watoto wabishi. Naitaka shikamoo, na nataka mwanangu asimame mkubwa anapoingia. Heshima ni kitu tulichorithi na mimi sina mpango wa kukitupa. Ninachouliza ni lini tuliamua kwamba mtoto anayemalizia sentensi yake amekosa adabu. Bibi yangu alikuwa mkali kuliko walimu wangu wote, na bado alikuwa akikuuliza jambo anangoja. Alikuwa anaweza kungoja hadi ugali uive.

Mtu wa kuambiwa

Pwani hii ilikuwa na watu wa kazi hiyo. Mwali alikuwa na kungwi wake. Kulikuwa na shangazi, kulikuwa na bibi anayelala na wajukuu kitanda kimoja, mambo yanasemwa gizani. Sidai kwamba yote yaliyofundishwa unyagoni yalikuwa mema; mengine ni heri yamepita. Lakini mtoto alijua ni nani wa kumwambia jambo ambalo mama haambiwi.

Jiji limewatawanya watu hao. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na wengi wetu tumekuja kutoka mahali pengine, tumepanga chumba na sebule, bibi amebaki kijijini. Mama wa Mbagala anayeuza chakula Kariakoo anatoka watoto wamelala. Anarudi wamelala. Mtu mzima ambaye mtoto huyo anamwona akiwa macho, siku tano kwa wiki, ni mwalimu.

Ndiyo maana geti la shule linanisumbua kiasi hiki.

Kutoka getini hadi chumbani

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, Bara na Zanzibar. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla hawajatimiza miaka 18. Karibu robo tatu, wa kike na wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili. Kwa ukatili wa kingono, walikuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana mmoja kati ya 7. Vijana wale leo ni watu wazima, na wengi wao bila shaka ndio wazazi tunaokaa nao kwenye vikao vya shule.

Nilipoziweka takwimu hizo karibu na yule binti wa kokotoni, nilishikwa na hofu.

Mtoto ambaye hawezi kumwambia mtu mzima "konda alinizuia", jambo dogo, lisilo na aibu, lenye shahidi, atawezaje kumwambia mtu mzima yule yule kwamba mjomba anaingia chumbani usiku? Atatoa wapi maneno? Ameshajifunza kwamba akipatwa na jambo, la kwanza ni kuomba msamaha. Na watoto wengi waliodhuriwa ndivyo wanavyofanya: wanajiona wao ndio wenye kosa.

Mitaa yetu inasema mtoto akiguswa "apige kelele, aseme". Tunabandika mabango. Namba 116, ile simu ya bure ya mtoto, imeandikwa kwenye kuta za shule nyingi. Ni jambo jema sana. Lakini kuipiga kunahitaji mtoto aliyezoea kusema na kusikilizwa, na mazoezi hayo hatumpi.

Somo jingine tena?

Kwa hiyo nilianza kusoma. Wenzetu wana jina la mambo haya, ujifunzaji wa kijamii na kihisia. Taasisi ya CASEL, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994, inayapanga katika stadi tano: kujitambua, kujimudu, kuwaelewa wengine, kujenga mahusiano, na kuamua kwa busara. Mwaka 2011 watafiti walikusanya matokeo ya programu 213 za aina hiyo, zenye wanafunzi zaidi ya 270,000, nyingi zikiwa za Marekani. Waliona kwamba waliofundishwa stadi hizi walikuwa na tabia bora, na hata kwenye masomo walipanda. Mwanafunzi aliyekuwa katikati kabisa ya kundi la watu 100 angewapita wengine 11.

Nilifurahi. Halafu furaha ikapungua.

Najua litakalotokea tukilileta jambo hili kwa njia tuliyoizoea. Litakuwa somo. Litapewa kitabu, litapewa mada, na swali la kwanza la jaribio litakuwa "Taja stadi tano za kihisia." Tumeshakuwa na Uraia na Maadili katika shule za msingi, na mtaala mpya una Historia ya Tanzania na Maadili. Mtoto anaweza kupata A kwenye kujitambua saa nne asubuhi, na saa moja na nusu alikuwa amepiga magoti akiomba msamaha kwa kosa la konda. Atakumbuka lipi?

Luwero

Kilichonigeuza ni utafiti wa jirani zetu Waganda.

Shirika la Raising Voices lina mpango wa kubadilisha shule nzima: uongozi, walimu, wanafunzi, hata namna adhabu zinavyoamuliwa. Ulijaribiwa katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Baada ya mwaka mmoja na nusu, wanafunzi waliosema wamepigwa na wafanyakazi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 kwenye shule zenye mpango, na karibu asilimia 49 kwenye shule zisizo nao. Watoto walijihisi salama zaidi shuleni. Alama za mitihani hazikubadilika. Nalisema hili wazi kwa sababu wazazi wengi wa Dar wataniuliza kuhusu alama kabla ya kitu kingine, na mimi naona mtoto kujihisi salama ni faida inayojitosheleza.

Lakini kuna namba moja kwenye ripoti ile ambayo niliisoma nikaifunga simu, nikakaa.

Watoto 434 ilibidi wapelekwe kwenye huduma za ulinzi wa mtoto kwa sababu ya mambo waliyoyasema walipohojiwa mwishoni mwa utafiti.

Yaani mtafiti, mgeni, aliketi na mtoto, akamuuliza, akangoja jibu. Mamia ya watoto wakasema. Hawakuhitaji somo la kujieleza. Maneno walikuwa nayo, wamekaa nayo, wamekuja nayo shuleni kila asubuhi pamoja na daftari na ufagio.

Tangu hapo sijaweza kuamini kwamba watoto wetu "hawasemi".

Mwalimu naye

Nilirudi shuleni kuongea na mwalimu wa nidhamu. Ni mtu mwema. Alinipa kiti, akaniambia bila kuficha:

"Dada yangu, hapa nina wachelewaji arobaini kila siku. Nikianza kumsikiliza mmoja mmoja, kipindi cha kwanza kimekwisha. Na nikiwaachia, kesho watakuwa themanini."

Sikuwa na jibu la haraka, na bado sidhani kama jibu la haraka lipo. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, madarasa yamejaa watoto ambao zamani wangekaa nyumbani, na hilo ni jambo la kujivunia. Walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu anasahihisha madaftari usiku. Anaishi Chanika anafundisha Mbagala, naye anagombea daladala hiyohiyo, tofauti yake ni kwamba nauli yake inamridhisha konda. Wengine wamebanwa na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, kadi ya benki iko kwa mkopeshaji. Mtu huyo ni nani anayemuuliza ameamkaje?

Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kwa makosa mazito, na viandikwe kwenye kitabu. Ukisimama nje ya ukuta wa shule nyingi asubuhi utasikia zaidi ya hivyo. Mimi ningependa fimbo iondoke kabisa. Lakini nimekubali kwamba ukiichukua fimbo mkononi mwa mwalimu aliyechoka bila kumpa kitu kingine, atatumia ulimi, na ulimi unaweza kuumiza kuliko mti.

Kitu hicho kingine kipo, na kimejaribiwa hapa nyumbani. Watafiti, akiwemo Mabula Nkuba wa chuo kishiriki cha elimu hapa Dar, walichapisha mwaka 2018 matokeo ya mafunzo waliyowapa walimu wa sekondari za serikali nchini. Mafunzo hayakufika hata wiki moja: namna ya kuhusiana na mwanafunzi, namna ya kuadabisha bila kupiga, na kuzungumza waziwazi juu ya vipigo ambavyo walimu wenyewe walipata utotoni. Miezi kadhaa baadaye, walimu waliripoti ukatili kupungua, na wanafunzi pia. Hapo kwenye vipigo vya utotoni ndipo nilipokaa muda mrefu. Walimu nao waliulizwa, nao wakapewa nafasi ya kusema.

Safu ya tatu

Mwalimu wa nidhamu mwenyewe ndiye aliyenielekeza kwa mwenzake, mwalimu wa kike wa kidato cha pili. "Nenda ukamwone, ana mambo yake," alisema.

Mambo yake yalikuwa daftari. La wachelewaji lina safu mbili, jina na saa. Yeye kwenye darasa lake alichora ya tatu: sababu. Anayeijaza ni mwanafunzi, kwa mkono wake, kimyakimya, haongei na mtu. Kisha anaingia darasani. Mwalimu anasoma mchana, akiwa na chai yake.

Aliniruhusu nione kurasa bila majina. Daladala, daladala, daladala. Kuchota maji kwa sababu bomba limetoka usiku. "Nilimpeleka mdogo wangu chekechea." "Niliuza vitumbua havijaisha." "Sikulala." Mwingine aliandika "sababu binafsi", na mwalimu akamwacha. Wiki kadhaa baadaye mtoto huyohuyo akajaza mistari minne.

Wapo wanaodanganya, alinikubalia. Kuna mvulana aliyemuua babu yake mara mbili. Lakini hata huyo, alisema, ukimsoma mfululizo unaona siku anazochelewa zinafanana, na ukienda taratibu utajua kilichoko Jumatatu.

Nilimuuliza kama wachelewaji wameongezeka. Akasema hapana, wamepungua kidogo, ingawa hakutaka kulifanya hilo ushindi. Kilichobadilika hasa, kwa maneno yake, ni kwamba sasa anajua. Kwa yule wa vitumbua, mwalimu alimwita mama yake, wakakubaliana mtoto auze jioni. Wa "sikulala" yuko kwenye mazungumzo ambayo hakunieleza, na nilimheshimu kwa kutonieleza.

Mwalimu mmoja, rula na kalamu. Haijagharimu shule hata shilingi.

Mlango unaotazamana na ofisi ya walimu

Shule ina mwalimu wa ushauri na unasihi, kama serikali inavyotaka. Ana chumba. Ndani kuna meza, viti viwili, na maboksi ya vitabu yaliyokosa pa kukaa. Mlango wake unatazamana na ofisi ya walimu. Mwanangu aliniambia hakuna anayeingia mle, kwa sababu ukitoka, hadi mapumziko kila mtu ameshakutungia mimba au ukimwi.

Sijui aliyechagua chumba hicho, na nadhani hakukuwa na uchaguzi. Kilikuwa ndicho kilichobaki. Lakini kila programu nzuri inayokuja, ikiwemo ile ya serikali ya Shule Salama ambayo naiunga mkono kwa moyo wote, itapita kwenye mlango ule au haitapita. Nilipendekeza tu kwamba mwalimu huyo awe anakaa chini ya mwembe nyuma ya maktaba saa ya michezo, ambako mtoto anaweza kujikuta amefika bila kuonekana amekwenda. Mkuu wa shule alisema atalifikiria. Nimemuuliza tena.

Kwenye kikao cha wazazi

Tulipoitwa kikao, niliomba dakika chache kwenye mengineyo. Nikaeleza habari ya safu ya tatu, nikaomba ifanywe ya shule nzima, na wazazi tuandike barua moja kuhusu makonda wanaowaacha watoto. Nauli ya mwanafunzi ni theluthi ya nauli ya mtu mzima au chini ya hapo. Konda ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, na mtoto kwake ni kiti kilichopotea. Bila kuibadilisha hesabu hiyo tutawalaumu makonda hadi kiama.

La daladala lilipigiwa makofi. Kila mzazi alikuwa na kisa chake.

Kisha baba mmoja upande wa nyuma akasimama. Alizungumza taratibu, bila hasira.

"Mimi sina neno na daladala. Ila hilo daftari. Mkishaanza kuwauliza hawa watoto, watawaambia na ya nyumbani."

Ukumbi ulinguruma. Wengine walicheka, wengine waliitikia kwa kichwa, na mama aliyekaa mbele yangu alitazama mikono yake. Mwenyekiti akasema muda umekwenda, tukahamia kwenye mchango wa mlinzi.

Nimelala na maneno yake usiku mwingi kuliko niliyoyasoma kwenye ripoti zote. Alilisema lililokuwa vichwani mwa watu wengi mle ndani, na alilisema kwa ukweli. Tunataka shule imlinde mtoto dhidi ya konda, dhidi ya bodaboda, dhidi ya mwalimu mkali. Hatujakubaliana kama tunataka aulizwe habari zetu.

Nimeomba hoja yake iwe ajenda ya kwanza ya kikao kijacho, iandikwe kama alivyoitamka. Nilimfuata nje ya geti kumwuliza kama yuko tayari kuifungua yeye mwenyewe. Akanyamaza kidogo, akauliza kikao ni lini.